Vidonge Vilivyofungwa Kwenye Leso

Kisian, Kisumu

Dada yangu Wakesho,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na watoto hawakutoi jasho sana. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi sina ugonjwa, ila nina hofu, na sikutaka kuisema kwenye simu ambayo mama mkwe wako ndiye huipokea kwanza.

Huku ziwani mvua inanyesha wiki ya tatu sasa. Chumvi imegeuka maji ndani ya kopo. Kwenye stoo ya dawa ya kliniki ninayoitunza, nimesogeza makatoni yote mbali na ukuta kwa sababu ukuta wenyewe umelowa.

Jumatatu alikuja Mama Akinyi, muuza samaki wa soko la Otonglo. Anameza dawa za virusi kama wewe, na hajaruka hata siku moja, lakini amekonda hadi nikamtambua kwa sauti. Nesi akamwomba amwonyeshe dawa anazotumia. Alifungua fundo kwenye pindo la leso yake. Vidonge vilikuwa vimevimba, vina madoa, na nilipogusa kimoja kikamong'onyoka. Nesi alisema unyevu ukiingia, dawa huweza kuishiwa nguvu kabla ya tarehe yake, ndiyo maana hukaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, pamoja na kile kipakiti kidogo cha kukausha. Damu yake imepelekwa kupimwa. Majibu bado.

Nesi akamuuliza kwa nini alivitoa kwenye chupa. Akasema ilikuwa inapiga kelele mkobani, na wenzake sokoni wangejua. Kisha akanigeukia.

"Si ni huyu Bwana wa stoo aliniambia nifunge na leso? Mimi nilifuata tu."

Ni kweli, nilimwambia. Nilijiona mjanja. Nakuandikia kwa sababu Krismasi, jikoni kwa Mama, nilikufundisha wewe ujanja huohuo, nikakufungia fundo la kwanza kwa mikono yangu.

Dada, usiache kumeza. Ila ukimaliza kusoma, nenda kliniki na hiyo leso, wakupe dawa mpya, wakupime damu. Chupa ikilia, acha ilie.

Msalimie Mama, shemeji, na mjomba fundi baiskeli. Jumapili, kabla Mama Akinyi hajaja, Mama aliniambia kwamba gauni lako la kanisani umelipunguza kiuno mara mbili. Nilicheka, nikamwambia umeanza urembo.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Mwakio