Tathmini ya Hotuba ya Mume Wangu

Jumanne, 4 Machi
Klabu ya hotuba tena. Ukumbi wa kanisa, Woolwich, London, hita mbovu, tumekaa na makoti mwilini. Nimepewa kuhesabu "aaa" na "eee" za wasemaji. Kila wiki kazi hiyo hiyo. Anayegawa majukumu ni mwenyekiti, na mwenyekiti ni mume wangu. Pale namwita Mheshimiwa, kama wenzangu. Nimeuchoka huo uheshimiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumbani, mume wangu, Baba Neema, kaanza tena habari za kuhamia Kibaha mwezi wa saba, sote. Mimi nimebakiza mwaka mmoja wa masomo ya unesi! Nikaanza kumweleza, "Aaa, mimi naona..." Akanyoosha kidole kuihesabu hiyo "aaa" yangu: moja. Mezani kwangu, kwenye ugali nilioupika mimi. Nikainuka, nikaosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada mama mmoja kanitakia safari njema. Safari ipi? Nikatabasamu tu kama mjinga. Kumbe Watanzania wote wa hapa wanajua naondoka, isipokuwa mimi.

Jumanne, 11 Machi

Dada Halima, aliyepangiwa kutathmini hotuba, kabanwa na shifti. Nafasi yake wakanipa mimi. Msemaji: Mwenyekiti mwenyewe. Mada: kurudi nyumbani. Alisema vizuri, siwezi kudanganya. Nyumba, kuku, jua. Halafu: "Mimi na mke wangu tumekubaliana." Watu makofi.

Sheria ya klabu: mtathmini husifu, hukosoa, husifu tena. Msemaji haruhusiwi kumjibu. Nikasimama. Nikasifu sauti. Kisha nikasema, "Cha kurekebisha ni kimoja. Mheshimiwa amesema tumekubaliana. Mimi sijakubali. Sijaulizwa." Nikamalizia kwa kusifu suti yake, maana ilibidi.
Tumerudi basi moja, viti tofauti.

Ijumaa, 14 Machi
Tangu Jumanne Baba Neema hajanisemesha. Leo, binti yetu alipoenda shule, kaja jikoni, kakaa.
"Haya, Mama Neema. Wewe unataka nini?"
Nisichotaka nakijua vizuri mno. Ninachotaka hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe.
Nimemwambia sijui, anipe muda. Akaitikia kwa kichwa. Tukanywa chai.