Spika Wetu, Ukumbi Umefunguliwa

Mwaka umetimia, Spika wetu, tangu moyo uliozaliwa nao mgonjwa ulipogoma kuendelea. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea, na hatuna mpango huo.

Jina la Spika alikupa babu, maana ulikuwa ukisema jikoni, jirani anaitika. Nyumbani halikufanyika jambo bila wewe kulipangia ratiba. Hata siku ya kufua mapazia ulimteua msimamizi, na siku zote alikuwa kaka yako, ambaye hakuwahi kushinda rufaa.

Chuoni ukawa mwenyekiti wa kamati ya matukio ya wanafunzi. Midahalo, maigizo, siku ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, vyote mlipanga wenyewe. Ulikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzako: kipaza sauti ulimpa aliyekaa nyuma kabisa. Ndivyo binti mmoja mwenye kigugumizi alivyojikuta anaongoza mdahalo. Alipokwama, watu wakaanza kucheka. Ukapanda juu ya kiti. "Tuna mchana kutwa," ukasema. "Tunamsubiri." Wakamsubiri. Akamaliza.

Kisha uongozi wa chuo ukaamua shughuli zote zipangwe na ofisi, ninyi mwende kukaa tu na kupiga makofi. Ukumbi ukafungwa. Mlezi wa wanafunzi akakuambia, "Kazi yenu ni kusoma. Uongozi mtaujua mkishaajiriwa."

Ukamjibu kwa adabu zote, "Mzee wangu, wewe uliujua lini? Maana sisi tusingependa kuchelewa hivyo."

Siku ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza ilipofika, mama alikusihi upumzike. "Mama," ulisema huku unafunga kamba za viatu, "moyo huu nikiutunza bila kuutumia, namtunzia nani?" Mchana ule mkabeba viti mpaka kwenye maegesho ya magari, mkawakaribisha wageni wenu juani, chini ya madirisha ya ofisi. Wiki chache baadaye ukalazwa. Hukurudi nyumbani.

Wapo wanaosema pilikapilika ndizo zilizokuua. Tunawajibu hapa hapa, hadharani: ugonjwa ulikuja nao duniani, na pilikapilika ndizo zilizokuamsha asubuhi ukiimba. Msitupunguzie mtoto wetu.

Mlezi alikuja msibani, akaomba kuweka jina lako kwenye kibao cha ukumbi. Baba, mtu asiyegombana hata na jogoo wa jirani, alimsikiliza mpaka mwisho. "Jina lake tunalo nyumbani," akasema. "Wafungulieni wenzake mlango."

Hawakufungua. Basi kila uongozi ulipokaa kikao, baba alikwenda na ovaroli yake ya kazini, akaketi kwenye benchi la nje. Hakupiga kelele. Wenzako wakaanza kuketi naye. Benchi likajaa, wakajaa kwenye ngazi, mpaka wakubwa wakawa wanaomba njia ya kupita.

Mwezi uliopita ukumbi ulirudishwa kwa wanafunzi. Tulialikwa. Kamati mpya ilipanga kila kitu yenyewe, ikachanganya ratiba, taa zikawaka pasipotakiwa, na hakuna mtu wa ofisi aliyepanda jukwaani kuwasahihisha. Mama alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unakumbukwa na baba yako fundi umeme, mama yako, kaka yako, shangazi yako muuguzi aliyekushika mkono mpaka mwisho, na babu. Wakithubutu kuufunga ukumbi tena, watatukuta mlangoni, ukoo mzima.

Hatujakusahau, mwanetu. Na hatutamruhusu mtu akusahau.