Kobe Anayeuliza: Kumbukumbu za Kikao cha Sita

KAMATI YA KUBUNI MNYAMA WA KUFUNDISHIA WATOTO WADOGO

Kikao kilifanyika Alhamisi, tarehe 14 Machi, katika Chumba cha Wadogo, baada ya watoto wote kuchukuliwa na wazazi wao, isipokuwa mmoja.

WALIOHUDHURIA
1. Mlezi Mkuu wa kituo – Mwenyekiti
2. Fundi wa redio na vifaa vya umeme – Mjumbe
3. Mshonaji – Mjumbe
4. Bibi, mlezi wa Chumba cha Wadogo – Mjumbe
5. Mzazi – Katibu (mama wa mtoto aliyebaki, ambaye hakuchukuliwa kwa kuwa wa kumchukua ndiye anayeandika hapa)

ASIYEHUDHURIA
Nesi – kwa udhuru. Alituma ujumbe kwamba macho ya kobe yashonwe, yasibandikwe kwa gundi, watoto wasije wakayameza.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:35 alasiri. Aliwaomba radhi wajumbe kwa viti, ambavyo ni vya watu wa miaka miwili. Fundi, ambaye ni mtu wa mwili, alichagua kukaa kwenye mkeka.

Kabla ajenda hazijasomwa, Bibi aliweka bahasha mezani, akaeleza kwamba ni barua yake ya kuacha kazi. Aliomba isomwe kwenye mengineyo, kwa sababu hakutaka kuwavurugia watu ajenda. Mwenyekiti alimwuliza kama amefikiria vizuri. Bibi alijibu kwamba amefikiria miaka thelathini na moja. Kikao kiliendelea, maana hakuna aliyejua la kufanya.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilithibitishwa kwa marekebisho mawili. Kwanza, Bibi alitaka ifutwe sentensi isemayo "Bibi alinuna". Alisema hakununa, alinyamaza tu. Katibu alirekebisha, ingawa alikuwepo na aliona.

Pili, Fundi aliomba asiitwe tena "Kidole" ndani ya kikao. Bibi alieleza kwamba jina hilo alimpa yeye mwenyewe, Fundi alipokuwa akilelewa humu humu, kwa kuwa kidole gumba hakikumtoka mdomoni hata wakati wa kula. Fundi alisema siku hizi ana duka na watoto wawili. Ilikubaliwa aitwe Fundi.

KUMB. NA. 3/6: YATOKANAYO: MASIKIO
Mshonaji alitakiwa kueleza kwa nini kobe ameota masikio ambayo hayakuwa kwenye mchoro. Alijibu: "Mtoto akitaka kumshika, amshike wapi? Gamba lote linateleza." Fundi alisema kobe hana masikio. Mshonaji alisema kobe hana betri pia. Masikio yalipitishwa.

KUMB. NA. 4/6: TAARIFA YA MAJARIBIO
Fundi aliwakumbusha wajumbe namna kobe anavyofanya kazi. Kifuani ana kifaa cha kuhisi. Kitu kikiwekwa mbele yake, anauliza, "Hiki ni nini?" Akisikia mtu amejibu, anaitikia kwa kichwa mara mbili. Lengo ni mtoto atamke jina la kitu mwenyewe. Sauti ni ya Fundi, aliyejirekodi akiwa na mafua, na Mwenyekiti alitoa maoni kwamba inatia huruma.

Kwa wiki nzima kobe aliuliza mara arobaini na moja. Watoto walimjibu mara tatu. Mara nyingine zote thelathini na nane, mtoto alimshika kobe sikio, akamburuta pamoja na kile kitu alichoulizwa, akavipeleka vyote kwa Bibi na kuvipandisha mapajani pake. Fundi alikiri kwamba jaribio limeshindwa, na akasema hajui kosa liko wapi.

Bibi, ambaye alikuwa amenyamaza (hakununa), alieleza kwamba kosa halipo. Katika chumba hiki asiyejua kitu hachekwi, analetwa kwake. Alisema: "Wanamwona hajui. Jana aliuliza kijiko, leo anauliza kijiko hicho hicho. Watoto wangu wanamwonea huruma, wanamleta asaidiwe." Mwenyekiti alimwuliza kwa nini hakusema mapema, na Fundi amehangaika na nyaya wiki nzima. Bibi alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

KUMB. NA. 5/6: PENDEKEZO LA KUMTIA KOBE MAJIBU
Fundi alipendekeza kobe atiwe majibu, ili mtoto akikaa kimya, kobe ataje jina la kitu yeye mwenyewe.

Bibi aliunga mkono pendekezo kwa namna ambayo haikumfurahisha mtu. Alisema: "Mtieni tu. Mimi magoti yamekwisha, sikio la kushoto halisikii. Huyo hachoki. Mngenieleza tangu mwanzo kwamba mnatafuta wa kukaa mahali pangu, ningewaachia chumba bila barua."

Fundi aliinuka kutoka mkekani, jambo lililochukua muda. Katibu anaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Bibi, hapana. Mwaka jana nilikuja kuwachukua wanangu, nikakuona umeinama kuokota kikombe. Ukashika ukuta ndipo ukainuka. Nilirudi nyumbani sikula. Nikasema nitengeneze kitu kikae huko chini na watoto, wewe ukae kwenye kiti. Ni hivyo tu."

Bibi alitaka kujua kwa nini hakusema hivyo tangu kikao cha kwanza. Fundi alisema alidhani inaeleweka. Bibi alisema yeye alioneshwa betri na mchoro, na humo hakuona cha kueleweka.

Mwenyekiti aliagiza kwamba machozi yasiandikwe. Haikuandikwa yalikuwa ya nani.

Mshonaji aliomba arudishwe kwenye taarifa ya majaribio. Aliuliza, zile mara thelathini na nane, Bibi alikuwa amesimama au amekaa? Fundi alipekua daftari lake. Alikuwa amekaa, zote. Vitu vilimfuata kwenye kiti na hakuinama hata mara moja. Fundi alirudi mkekani polepole, akalitazama daftari kama la mtu mwingine.

AZIMIO: Kobe asitiwe majibu. Aachwe vivyo hivyo, hajui. Kila kobe atakayetengenezwa baada ya huyu awekwe kwenye chumba chenye mtu mzima tu, na mtu huyo apewe kiti kizuri.

KUMB. NA. 6/6: MENGINEYO
Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba imebaki barua. Aliitafuta mezani hakuiona. Ilibainika kwamba mtoto wa Katibu alikuwa ameichukua na kuiweka sakafuni mbele ya kobe.

Kobe aliuliza, "Hiki ni nini?"

Mtoto aliigeuza bahasha huku na huku. Hakujua. Alimshika kobe sikio, akashika bahasha kwa mkono wa pili, akaviburuta hadi kwa Bibi na kuvipandisha mapajani, bahasha ikiwa imemgusa kobe kifuani. Kobe akauliza tena. Katibu anakiri kwamba hapa aliacha kuandika kwa muda, na anajaza sehemu hii kwa kumbukumbu ya kichwa.

Bibi aliitazama ile bahasha, akamtazama mtoto, kisha akamwinamishia kobe lile sikio lake la kulia linalosikia, ingawa kobe alikuwa amekwisha kuuliza.

"Karatasi, mwanangu," alisema. "Ni karatasi tu."

Kobe aliitikia kwa kichwa mara mbili. Mtoto naye alisema karatasi, au kitu cha kufanana nayo. Hadi asubuhi ya leo alikuwa na maneno manne, na mama yake anaomba hili libaki kwenye kumbukumbu.

Mshonaji alisema anahitaji karatasi ya kukatia umbo la masikio ya kobe wa pili. Bibi alimpa ile, bahasha na kilichokuwemo.

KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa 11:50 jioni. Bibi, akiwa bado kwenye kiti na kobe mapajani, alimwambia Kidole afunge madirisha. Kidole alifunga.

……………………
Mwenyekiti

……………………
Katibu