Risasi Tatu Kabla ya Kugusa Skrubu

Mjukuu wangu Neema,

Mama yako amenipigia simu asubuhi hii. Anasema umefunga darubini mpya kwenye bunduki ya kuzuia nguruwe pori mashambani, na risasi zako tatu zimepiga kushoto mwa shabaha, zote mahali pamoja. Hapa Johannesburg tu wazima, ila goti la bibi yako linamsumbua.

Anasema unauliza kama ulikosea kutogusa skrubu ya kurekebishia darubini baada ya risasi ya kwanza, maana wenzako wa chuo cha wanyamapori walikucheka.

Kabla sijaanza kazi ya uandishi magazetini nilimsaidia bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, kule Kilosa. Nguruwe walikuwa wanamaliza mahindi ya kijiji, nikapewa kazi kama yako. Nilipiga moja, nikazungusha skrubu; nikapiga nyingine, nikazungusha tena. Kila tundu likawa na upande wake. Zikabaki risasi nne.

"We kijana," bwana nyama akasema, "unamkatiza mtu kabla hajamaliza kusema! Piga tatu, usiguse kitu. Ndipo tutajua kosa ni la darubini au la mkono wako."

Tatu zikapiga kulia, zimebanana; kumbe kosa lilikuwa la darubini. Akarekebisha mara moja tu, na ya nne ikaingia katikati.

Mimi nilijifunza kwa kupoteza risasi za kijiji. Wewe ulichekwa, na bado hukugusa. Nimewasimulia habari zako majirani wote wa mtaa wetu wa Observatory, mpaka yule Mkongo mwenye duka hapa jirani analalamika: "Eish, mzee, tumesikia!"

Mkufunzi wako atairekebisha darubini kesho. Mtihani wako ni Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Babu yako