Muda Wake Ameupata

Shoga, soma tu, usinipigie. Mume wangu yuko chumba cha pili na sitaki asikie.

Zile mbio za kilomita kumi kazimaliza kwa dakika arobaini na tisa na sekunde hamsini na mbili. Miezi minane anahangaika ashuke chini ya hamsini. Leo kashuka.

Sasa sikia. Kwenye kilomita ya tisa fundi cherehani, yule jirani yetu anayemgongea dirisha kila alfajiri wakakimbie, alianguka mbele yake. Puu, kifudifudi. Baba Pacha, mume wangu mwenyewe, akamruka.

Akamruka, shoga! Mimi nimesimama palepale na chupa ya maji. Nikapiga kelele, "Simama, ni fundi!" Akatazama saa mkononi, akaendelea.

Tuliomwinua ni mimi na mama mmoja mpita njia. Mguu umevunjika.

Baba Pacha alikuja hospitalini na medali shingoni. Nilijua atatukanwa. Fundi akamuuliza tu, "Umepata?"

"Nimepata."

"Ngapi?"

Akamtajia. Fundi akasema, "Hongera, kaka," kisha akageukia ukutani.

Akageukia ukutani, basi.

Tangu turudi kakaa kitandani, viatu hajavua. Chakula hagusi. Nimemuuliza kama miguu inamuuma, akasema, "Sisikii kitu, mama watoto. Hata wewe nakusikia kwa mbali."

Nilitaka kumgombeza. Nimepiga magoti, nikamfungua kamba za viatu.