Mama wa Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba Dada hakuachii ndoo za maji uzibebe mwenyewe. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayaona humu, na nakuomba usimsomee Baba kabla hujamaliza.

Uliniuliza Kihispania kitanifaa nini. Unanijua, Mama: ulikuwa ukinituma dukani narudi mikono mitupu, kwa kuwa mwenye duka hakuniona na mimi niliona haya kumwita. Sasa nasimama mbele ya darasa zima, napiga vichekesho kwa lugha ya watu, nao wanacheka kweli. Mhadhiri wetu anasema hajaona mtu aliyebadilika hivi kwa mihula miwili. Hata mimi najishangaa.

Chuo kilimpangia kila mwanafunzi mzee wa kuzungumza naye Kihispania kwa simu ya video, Alhamisi saa nane mchana. Wangu ni bibi mmoja wa ng'ambo, anaishi katika nyumba ya wazee, na muuguzi humshikia simu. Macho yake yana ukungu, haoni vizuri, lakini kila wiki hunigombeza kwamba nimekonda.

Siku ya kwanza nilijua salamu, siku za wiki na namba mpaka ishirini. Kwa adabu ulizonifunza nikamwita mama, kama ninavyomwita mwanamke yeyote wa rika lako. Alilia. Muuguzi akanieleza jambo refu, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila kuambulia kitu.

Ilinichukua miezi miwili kuelewa alichosema: kwamba kumbukumbu za bibi zimeyumba, kwamba ana mwana aliyeacha kumtembelea miaka mingi iliyopita, na kwamba sasa anaamini mwana huyo ni mimi. Nilitaka kumsahihisha, ila sikuwa na maneno ya kusema jambo zito kama hilo kwa upole. Nikajiambia ngoja nijifunze kwanza. Nimejifunza, Mama, mpaka nimekuwa wa kwanza darasani. Maneno yote ninayo, na kila Alhamisi yananishinda.

Wiki iliyopita muuguzi aliniambia bibi amegoma kula. Anamsubiri mwanawe wale pamoja. Akaniomba nimweleze ukweli mimi mwenyewe, maana akiusema yeye, bibi humwita mwongo. Niliandika sentensi nne, mhadhiri akazipitia, nikazikariri. Juzi nikaanza vizuri tu. Nilisema, "Mama, mimi si..."

Akanikatiza. "Utakuja lini?"

"Jumapili," nikamjibu.

Nililitamka neno lile bila kigugumizi hata kidogo. Bibi akaomba supu, akainywa yote huku akitabasamu.

Nisamehe kwa kumwita mwingine mama kila wiki huku wewe nikikuandikia kwa nadra. Leo ni Jumamosi, na sijui la kufanya. Barua hii itakapokufikia, Jumapili itakuwa imeshapita na bibi atakuwa ameshanisubiri.

Nisalimie Baba, Dada na watoto wake wote. Ukinijibu usinifariji, Mama. Niambie tu: ungekuwa wewe, ungetaka nikuambie nini?

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Kimya