Radhi ya Mzee Kimu

Jumatatu, 7 Julai 1997

Mbaazi zimeungua. Kosa la Mzee Kimu. Kasimama dirishani kwangu na redio yake kunihubiria habari za Nairobi, mawe na moshi wa machozi, nami nikasahau jiko. Anasema ugonjwa huo aliuona kwao Korea, wanafunzi walipoanza kurusha mawe, na leo marais wao wawili wa zamani wako jela. Nchi isiyoogopa wazee, anasema, haina mwenyewe. Namkubalia. Mimi nami sipendi fujo. Lakini mbaazi zangu nazitaka.

Jirani yetu huyu hapa Kisauni tumezeeka naye. Alikuja na meli ya uvuvi, fundi wa mitambo. Meli ikaondoka, yeye akabaki, akamleta mkewe, akafungua karakana ya friji. Mkewe alipofariki, binti yao Suni akawa analala kwangu zaidi kuliko kwao. Nimemlea mimi mpaka alipopelekwa Seoul kusoma. Mkaidi. Mwanangu kabisa.

Alhamisi, 17 Julai

Suni kampigia babake simu. Kapata mchumba. Mwalimu, mpole, hanywi. Nikaanza kufikiria pilau. Kumbe mzee keshakata simu.

Sababu: kijana naye ni Kimu. Si ndugu, si jirani, hawakujuana mpaka juzi. Lakini koo zao zinarudi kwa babu mmoja, wa mamia ya miaka huko nyuma, na kwao wenye jina moja na chimbuko moja hawaoani. Sheria yenyewe ilikataza. Waliokaidi, ndoa yao haikuandikwa, na watoto wakahesabiwa wa nje. Sasa redio imetangaza wiki hii kwamba mahakama yao imeitupa sheria hiyo, na Suni hakupoteza muda.

Nilicheka. Babu wa mamia ya miaka! Mzee hakucheka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeharibu. Wallahi nilitaka kusaidia.

Nilimpelekea chai na mahamri karakanani. Nikamwambia asijisumbue, mbona mimi na mume wangu Athumani ni watoto wa ndugu wawili, babake na babangu tumbo moja, na watoto wetu wanne ni wazima, mmoja nesi. Nikaongeza kwamba kwetu binti akiolewa na mtoto wa ami yake watu hushukuru. Siri hubaki nyumbani.

Akaweka kikombe chini. Miaka yote hii hakujua. Kala kwetu, kalala kwetu siku za msiba wa mkewe, na hakujua. Akanitazama vile mimi ninavyoitazama nyama ya nguruwe.

Ijumaa, 25 Julai

Hakuja kula. Kila Ijumaa Athumani akitoka msikitini hula naye, na mzee huja na bakuli lake la kabichi iliyochacha kwa pilipili. Leo nimepakua sahani tatu kwa mazoea, moja nikairudisha sufuriani.

Nimeudhika. Mimi si najisi.

Nilimrushia neno dirishani. Miaka yote umetuhubiria sheria ya nchi ifuatwe, haya, sheria imesema. Akajibu majaji wa siku hizi ndio wale wale waliokuwa wakirusha mawe. Akafunga dirisha.

Athumani anasema nimwache. Mwacha mila ni mtumwa. Nikamuuliza, na mwanangu je, awe mtumwa wa nani? Alikuwa na mwiba wa samaki mdomoni, au alijifanya anao.

Jumapili, 27 Julai

Suni kapiga simu kwetu. Kamwacha yule kijana. Bila radhi ya baba haolewi, kasema, amelelewa Kisauni na hilo analijua. Nimfikishie babake habari.

Hakulia. Hicho ndicho kilichoniumiza. Mtoto huyu alikuwa haogi bila mtaa mzima kusikia.

Nikaenda kumwambia mzee. Nilidhani atafurahi, si ameshinda? Alikuwa amekalia friji mbovu, bisibisi mkononi. Akaniuliza Suni alisema kwa sauti gani. Nikamwambia, kama mtu anayesoma tangazo. Akaiweka bisibisi mfukoni, akaitoa, akairudisha. Sikumpa pole. Nampenda mzee huyu na leo ningeweza kumpiga kofi.

Jumanne, 29 Julai

Kaja alasiri, kavaa suti. Nikadhani kuna msiba. Hakunitaka mimi, kamtaka Athumani. Kamwinamia mpaka kiunoni, mume wangu wa watu akabaki hajui aweke wapi mikono.

Neno la radhi yeye hawezi kulitamka, alisema. Mababu zake watamsikia. Lakini Suni ana baba wawili, na huyu wa pili mila zake zinaruhusu. Basi Athumani, tafadhali, atoe radhi yeye.

Umri wangu huu sijaona ujanja kama ule. Wala heshima kama ile. Nikaenda jikoni kupangusa macho, nikarudi.

Tukapiga Seoul. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Athumani akasema, "Mrudie mchumba wako, uolewe. Radhi zetu unazo, sote." Nikahesabu sekunde, maana simu ile ni ghali. Kisha Suni akauliza kama babake yupo hapo. Athumani akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa. Na mume wangu, asiyesema uongo hata sokoni, akasema hayupo.

Suni akacheka na kulia pamoja, hata mimi nilimsikia.

"Basi mwambieni apenge kamasi," akasema. "Namsikia."

Ijumaa, 1 Agosti

Mzee Kimu kaja kula. Hakuna aliyetaja lolote. Samaki wa kupaka, wali wa nazi. Mvua kidogo adhuhuri.

Baada ya kunawa akaniuliza bibi harusi apelekewe nini kutoka huku. Nikasema kanga. Akasema Seoul ni baridi, kanga ya nini. Nikamwambia ya kumbebea mtoto.

Akatazama nje, upande wa karakana yake. Kisha akasema ninunue doti mbili.